Minofu ya mputa (sangara) inafeli labu na klorini tunaweka, shida iko wapi?

mwana_masese
Wandugu habari za kazi. Niko kwa kiwanda cha samaki upande wa Jinja, Uganda, jina niliache, nafanya sehemu ya kupokea samaki na kukata minofu. Tangu mvua ianze sampuli zetu za mputa zinarudi na bakteria wengi, hesabu ya jumla inapita kiwango cha mteja na zingine wameandika E. coli, bakteria wa kinyesi. Mteja yuko Ulaya na ameanza kuuliza maswali makali. Bosi anasema tuongeze klorini kwa maji ya kuoshea, tumeongeza, sasa wasichana wa kukata wanatoka machozi na kukohoa na bado labu inafeli. Mimi nashuku samaki anafika kwetu akiwa ameshaharibika lakini sina kitu cha kumuonyesha bosi. Mwenye anajua hii kazi aniambie nianzie wapi.

boti_ya_kasenyi
Ssebo unashuku vizuri. Mimi niko kwa maji. Nyavu tunatega jioni tunatoa asubuhi, huyo mputa mwenye ameingia usiku mapema amekufa zamani, analala kwa maji ya digrii 25 hivi mpaka tumfikie. Wa ndoano ni afadhali, mara nyingi unamtoa bado anapumua. Alafu anakaa sakafuni mwa boti kwa maji ya miguu na petroli, juu turubai, na boti nyingi hazibebi barafu kabisa, barafu iko kwa boti ya mnunuzi na huyo naye anaitumia kwa kubana sababu ananunua kwa pesa yake. Sasa niambie, nani ananilipa hata shilingi moja zaidi nikileta samaki baridi? Kwa mwalo wanaangalia urefu, sentimita 50 kwenda juu, wanapima kilo, basi. Jeshi liliingia Ziwa Victoria 2017 kukamata nyavu haramu na samaki wachanga, lakini joto la samaki hakuna mtu anauliza. Siku kiwanda kitalipa kwa ubaridi, wavuvi watanunua barafu bila kuhubiriwa.

busia_samaki
Mimi nauza mputa na ngege (tilapia) hapa Busia, tunaosha na jiki kidogo na hakuna mteja amewahi kulalamika. Ongezeni dawa tu lakini wapeni watu maski.

mama_labu
@busia_samaki hapana ndugu yangu, tafadhali usiendelee na hiyo. Jiki ni ya nguo na sakafu, na mteja wa sokoni akiharisha hatarudi kukuambia, atadhani ni maji ama chapati.

@mwana_masese klorini inafanya kazi kwa maji safi. Ikikutana na damu, ute na magamba inaisha hapo hapo, inageuka ile harufu kali inayochoma macho na kifua, na bakteria wanabaki. Kwa hiyo hao wasichana wakilia machozi usidhani dawa ina nguvu, ni kwamba maji yamechafuka. Badilisheni maji mara nyingi, msirundike dawa. Na msije mkachanganya klorini na sabuni yenye tindikali, hiyo gesi inaua mtu. Maji ya kunywa yenyewe WHO imesema klorini isipite miligramu 5 kwa lita. Na sheria ya Ulaya inataka samaki aoshwe kwa maji safi ya kunywa, sio kusafishwa na kemikali, kwa hiyo huyo mteja akijua mnapandisha dozi mtakuwa na kesi mbili.

Sasa soma majibu yako ya labu vizuri. Ingekuwa hesabu ya jumla peke yake iko juu ningekuambia ni joto na muda, kama alivyosema mwenzetu wa boti. Lakini E. coli anatoka kwa choo, cha mtu ama cha mnyama, hazaliwi ndani ya samaki kwa sababu ya jua. Na umesema mwenyewe ilianza na mvua! Mvua ikinyesha uchafu wa vyoo vya mwaloni unateremka mpaka ukingoni, na hapo hapo ukingoni ndipo watu wanasuuza samaki na masanduku. Uliza pia barafu inatengenezwa na maji gani, sababu kugandisha hakuui hawa wadudu, barafu ya maji machafu inawatunza tu alafu ikiyeyuka inawamwagia samaki.

Cha kufanya: chukua sampuli hatua kwa hatua siku moja kwa mzigo mmoja, barafu ya mwaloni, samaki akishuka kwa lori, maji ya kuoshea, meza na visu kabla ya kazi na katikati ya kazi, mikono, na minofu kabla ya kufunga. Namba zikiruka mahali utaona zimerukia wapi, na hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea bosi.

mkata_minofu
Mimi nimekata minofu kiwanda kingine, nasema kitu ambacho wakubwa hawapendi kusikia. Sisi wengi ni wa kulipwa kwa siku. Ukiharisha ukabaki nyumbani, siku hiyo hakuna pesa, na ukikosa mara nyingi nafasi yako wanapewa wengine wanaosubiri geti. Kwa hiyo mtu anameza flajili, dawa ya tumbo, anakuja kazini na tumbo linamkata, anashika samaki siku nzima. Kwa ukuta kuna bango nzuri sana, mgonjwa aripoti kwa supavaiza, nani ataripoti akose kula? Alafu mikono iko kwa barafu masaa, imepasuka, ina vidonda vya miiba na visu, glavu zikitoboka unaambiwa subiri kesho. Kidonda chenye usaha kinabeba bakteria wa staph, na sumu ya staph ikishaingia kwa chakula hata kupika hakuitoi. Mama labu amesema upime mikono, sawa, lakini kabla ya kupima muahidi watu kwamba mwenye atapatikana mgonjwa atalipwa siku zake mpaka apone. Bila hiyo watakuficha na wewe hutajua kamwe.

mzee_wa_entebbe
Kijana sikiliza, hii si mambo ya kiwanda kimoja. 1997 Ulaya walifungia samaki wetu kwa sababu ya salmonela na tena kipindupindu, 1999 wakafunga tena kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu ziwani. Viwanda vilifunga mageti, wavuvi wakauza mputa kwa bei ya kutupa, kuanzia hapa mpaka Mwanza na Kisumu watu walilala njaa. Tulifunguliwa baada ya kujenga ukaguzi upya, labu, mialo yenye sakafu ya saruji na maji safi. Iliuma lakini ilitufundisha kuandika kila kitu. Wewe pia andika, tarehe, mwalo, namba ya lori, joto.

mwana_masese
Asanteni sana wote. Leo nimeazima kipimajoto nikapima lori likishuka, barafu iko juu inang'aa vizuri lakini nikichoma katikati ya nyama samaki wa chini wanasoma digrii 14, wengine 16! Dereva anasema barafu aliweka ya kutosha. Na mkata_minofu, hiyo ya kulipa wagonjwa nitaipeleka kwa kikao, sijui watasema nini lakini nitaipeleka.

mama_labu
Kwanza hakikisha kipimajoto ni kizima, kiweke kwa barafu iliyochanganyika na maji kidogo, kikisoma sifuri ni sawa. Kuhusu dereva, mfanyie hesabu: kilo 4 za samaki wa digrii 25 zinakula karibu kilo 1 nzima ya barafu ili tu zifike sifuri, hapo hujaweka jua, sanduku lenye nyufa wala foleni ya daraja. Ndio maana nchi za joto tunasema kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Na isiwe kofia juu, ni barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu, na tumboni pia kama ametolewa utumbo. Huo mzigo wa digrii 14 utenge usichanganywe na wa malori mengine, chukua sampuli zake peke yake, na mwambie bosi asiusafirishe kabla majibu hayajatoka.

boti_ya_kasenyi
Na mkianza kupima malori tuambieni bei ya samaki wa chini ya digrii 4 itakuwa ngapi. Hapa kwetu tuko boti kama kumi tuko tayari kubeba barafu.