Gari nililojiundia: usukani haurudi katikati, nyuma inatangatanga

ChumaMraba (Birmingham, Uingereza)
Wakuu, habari za majukumu. Nimeunda gari la spoti la siti mbili, mtindo wa Lotus Seven. Chasisi ya bomba za mraba nimechomelea mwenyewe. Injini, gia na habu ni za Mazda MX-5 ya 1995. Nikikata kona na kulegeza mikono, usukani unabaki palepale. Nikiongeza mwendo, nyuma inatangatanga. Bila kupita ukaguzi wa IVA (kibali cha gari mojamoja huku Uingereza) halisajiliwi, na mkaguzi anataka usukani ujirudishe. Gereji yenye mashine ya alaimenti (ya kupima mkao wa tairi) imenikatalia, eti gari halimo kwenye orodha yao. Nina uzi, rula na kipima kemba (kemba ni tairi kulalia ndani au nje ukiitazama kwa mbele). Vinatosha?

FundiWaKange (Tanga)
Vinatosha kabisa mkuu, ila usiruke hatua. Sawazisha sakafu kwa mpira wenye maji, kama mafundi ujenzi wanavyopima msingi. Tairi iliyo chini iwekee vigae. Jaza upepo sawasawa. Halafu weka mifuko ya mchanga yenye uzito wako kwenye siti ya dereva. Hili naomba ulishike sana: gari jepesi hivyo, ukikaa tu linashuka na kemba inabadilika. Chini ya kila tairi weka vigae viwili vyenye grisi katikati, iteleze ikae inapotaka.

Uzi upite nje ya tairi, sambamba na mstari wa katikati wa chasisi, usifuate tairi. Anza nyuma. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Mbele kukiwa mbali zaidi na uzi, tairi imefunga, yaani mbele imeelekea ndani. Kukiwa karibu, imefungua, imeelekea nje. Kwa rimu ya inchi 14, 1 mm ni karibu digrii 0.15, kwa hiyo rula isome vizuri.

BintiKilindini (Mombasa)
Kaka, usukani kutorudi angalia kasta, yaani mlalo wa mhimili tairi inaopindia ukiutazama kwa ubavuni. Boljointi (kiungo cha tufe) ya juu yatakiwa ilale nyuma ya ile ya chini. Pindisha tairi digrii 20 nje, soma kemba. Digrii 20 ndani, soma tena. Tofauti zidisha kwa 1.5. Gari jepesi mbele lipe kasta ya digrii 5 hivi.

ChumaMraba
Asanteni sana. Nyuma kushoto: ukingo wa mbele 62 mm, wa nyuma 65. Kulia imefunga 1 mm. Kasta ni 3 pande zote.

FundiWaKange
Hiyo ya kushoto imefungua 3 mm, ndiyo inayokuvuruga. Legeza loknati (nati ya kufungia) ya mkono wa nyuma, zungusha rodendi (kiungo cha ncha ya mkono) kidogo kidogo, sukuma gari mbele na nyuma, pima upya, mpaka nayo ifunge 1 mm. Kasta: mkono wa juu ukiwa na washa (vile viringi bapa), toa za nyuma ya bushi uzihamishie mbele, mkono utasogea nyuma. Kisha kemba. Kufunga kwa tairi za mbele kuje mwisho, kwa sababu ukigusa kasta au kemba nako kunasogea. Weka raki (meno ya usukani) katikati, zungusha tairodi (vyuma vinavyopindisha tairi) zote mbili kiasi kilekile, jumla ifunge 1 mm. Unapokaza loknati shika tairodi kwa spana ya pili, la sivyo inazunguka nayo na kipimo kinapotea.

BintiKilindini
Na ukishakaza, pima tena, mifuko ya mchanga ikiwa bado kwenye siti.