Mrejesho: miche yangu ya mtini imevuka baridi

Ndugu zangu, asanteni sana. Kabla ya majira ya baridi niliuliza kama miche yangu ya mtini iliyo kwenye vyungu niiingize sebuleni penye joto au niiache nje. Wengi mlikataa yote mawili, mkanielekeza stoo isiyo na hita. Nilifuata, na yote imechipua!

Kilichosaidia zaidi ni kusubiri majani yapukutike yenyewe ndipo niihamishe. Mtini unahitaji kulala. Kwenye joto huamka mapema na kutoa machipukizi marefu, dhaifu. Stoo ilibaki kati ya nyuzi 1 na 7 za Selsiasi. Giza halikudhuru kitu, kwani mti usio na majani hauhitaji mwanga. Maji nilitia kidogo mno, maana mizizi iliyolala ikikaa kwenye tope huoza.

Mche mmoja ulinitia wasiwasi, ncha zake zilikauka. Nikakwaruza gome kwa ukucha: juu kahawia, chini kijani kibichi. Nikakata sehemu iliyokufa, na sasa una majani.

Kwa sasa naizoesha jua polepole, kivulini kwanza. Usiku wa jalidi narudisha ndani, kwa sababu majani mapya huungua kwa baridi ambayo shina lililolala lingeivumilia.

Bado nina swali. Mmoja ni Chicago Hardy, aina inayosifiwa kwa kuchipua tena kutoka mizizini hata shina likiganda. Nataka kuupanda ardhini, kando ya ukuta unaopata jua mchana kutwa. Niupande mwaka huu, au nisubiri shina linenepe?