VPN ya bure kwenye Wi-Fi ya Forodhani: niiamini?

Mwana_Chake: Assalaam alaykum. Nikiwasha VPN ya bure, nani anaona ninachofungua?

Fundi_Darajani: Waalaykum salaam. Mwenye VPN, maana intaneti yako yote inapita kwenye seva yake. Mwenye Wi-Fi anabaki na anwani ya seva hiyo na kiasi cha data tu. Majina ya tovuti yanamhamia huyo wa VPN. Onavo, VPN ya bure Facebook waliyoinunua 2013, ilichota matumizi ya watu hadi ikafungwa 2019. Ya bure isiyosema inaishi kwa nini, iache kabisa.

Bi_Mkoani: Wapo wa kuaminika, ndugu yangu. Aprili 2023 polisi wa Sweden waliingia Mullvad, kampuni ya VPN, na hati ya upekuzi, wakatoka mikono mitupu: kumbukumbu za matumizi ya wateja hazikuwekwa. Kwenye Android fungua Mipangilio, VPN, alama ya gia, uzuie miunganisho isiyopita VPN. Usipozuia, ikikatika simu inaendelea wazi kimyakimya.

Fundi_Darajani: Nywila ya benki inafichwa na HTTPS, yaani usimbaji kati ya simu na tovuti, hata kwa mwenye VPN. Ila programu ikikuomba uweke cheti chake kwenye simu, kataa. Hicho ndicho kinachofungua hata HTTPS.