Mpiga picha wa gazeti akikuta mtu anakufa, apige au aweke kamera chini?

Wakuu habari zenu, naomba tulijadili hili maana kila gazeti likitoa picha ya ajali ukurasa wa mbele swali ni lilelile, huyu aliyepiga alishindwa nini kusaidia? Mimi nimepiga picha za gazeti miaka 11, swali hilo nimeulizwa na mama mmoja ananishika shati kabisa, kwahiyo sizunguki. Msimamo wangu: ukifika hesabu mikono kwanza. Kama hakuna mwingine wa kumnyanyua yule mtu, kamera ikae mgongoni, nyanyua. Kama wapo tayari wanaomhudumia na wanajua wanachofanya, wewe piga, ila simama pasipomziba mtu njia.

Najua mtanitajia Kevin Carter. Yule jamaa wa Afrika Kusini alipiga ile picha ya Sudan Machi 1993, mtoto ameinamia ardhi kwa njaa na tai mla mizoga ametua nyuma yake, New York Times wakaitoa, wasomaji wakaanza kuuliza mtoto yuko wapi mpaka gazeti likalazimika kueleza kwamba alipata nguvu akaendelea na safari ila haijulikani kama alifika kwenye kituo cha chakula. 1994 picha ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, Julai mwaka huohuo Carter akajiua, ana miaka 33 tu. Wengi wanaishia hapo wanasema ona, ukatili. Ila alimfukuza yule ndege, na waandishi walikuwa wameshaambiwa wasiwaguse watu kule kwa kuogopa maambukizi. Kwahiyo mimi simlaumu kwa kupiga, kupiga ni kufumba na kufumbua. Kinachonikera ni kwamba mwenyewe alisimulia alikaa kama dakika 20 akingoja tai akunjue mabawa ili picha iwe kali zaidi. Hapo ndipo penye ugomvi jamani, kwenye ile kungoja, sio kwenye kubofya, na wengi tuliofanya hii kazi tunaijua hiyo hamu ya fremu moja zaidi.

Sasa angalia Vietnam, Juni 8, 1972, yule binti Kim Phuc wa miaka 9 anakimbia barabarani mwili umeungua kwa napalm, yale mabomu ya moto. Tuache ubishi uliozuka siku hizi kwamba nani hasa aliibofya ile picha, mpiga picha Nick Ut alimpakia kwenye gari akamkimbiza hospitali, na Kim Phuc ni mama mtu mzima mpaka leo. Picha ilitoka na mtoto alipona, kwahiyo tusidanganyane kwamba lazima uchague kimoja.

Kuna wanaosema picha moja inaokoa maelfu, basi piga tu. Kuna wakati ni kweli kabisa. Mohamed Amin, Mkenya, alipofika Korem kule Ethiopia Oktoba 1984 na kamera yake, mikono yake miwili isingelisha kambi nzima, zile picha ndizo zilizofanya watu wa mbali watoe misaada. Ila hiyo ni njaa ya umati. Mtu mmoja anayetoka damu mbele yako na uko peke yako, hapo hizo hesabu za maelfu hazina nafasi.

Mimi yalinikuta lori lilipopinduka na basi dogo. Nilifika na mwenzangu mmoja tu, kamera nikaitupia kwenye kiti tukaanza kutoa watu, nimebeba dada mmoja anauliza mwanangu, mwanangu, sijawahi kuisahau ile sauti. Nikarudi ofisini mikono mitupu. Wahariri wa dawati la habari wakauliza umepata picha? Hakuna aliyeniuliza wamepona wangapi. Halafu wakachukua picha ya simu ya mpita njia, sura ya marehemu iko wazi, na ndugu zake wakamwonea gazetini kabla hawajapigiwa simu. Hiyo imenisumbua kuliko yote, maana kama ningepiga mbili tatu kwa mbali, sura isingeonekana. Kwahiyo hata msimamo wangu una gharama na sijifichi.

Na msisahau korespondenti, yule analipwa kwa picha iliyotoka tu. Siku ameokoa mtu, siku hiyo kwao hawali. Mnamtukana yeye mitandaoni, aliyempangia malipo hayo amekaa kwenye kiti chake hakuna anayemgusa!

Kwahiyo hoja naiweka mezani hivi: gazeti liandike kwenye kanuni zake kwamba mpiga picha aliyeacha kupiga ili aokoe mtu analipwa siku yake kama kawaida na haandikiwi barua ya onyo. Wahariri mliomo humu, mnakubali au mnapinga, na kama mnapinga semeni kwa nini?