Naomba ushauri: kuandika maelezo ya draiva ya chipu inayopima umeme wa betri za taa za dagaa

Sola_Kirumba
Wakuu habari za mchana. Niko Mwanza huku Kirumba, tuna kikundi tunachaji kwa sola betri za taa za wavuvi wa dagaa, na kila meza ya kuchajia ina Raspberry Pi (kompyuta ndogo) na bodi yenye chipu ya INA226 inayosoma volti na ampia. Draiva, yaani programu inayoongea na chipu, ni hii ina2xx iliyomo ndani ya Linux yenyewe, vipimo inavitoa kama mafaili, inapiga kazi vizuri tu. Sasa tunafungua mwalo mwingine Ukerewe na nimepewa niandike maelezo, fundi wa kule akae nayo asome mwenyewe, maana mwezi ukiwa giza betri zinamiminika na hakuna muda wa kupigiana simu. Mwenzangu anasema chukua jedwali la rejista (visanduku vya namba ndani ya chipu) kwenye datashiti, ile karatasi ya mtengenezaji, bandika, imeisha hiyo. Mimi naona fundi hatagusa rejista hata siku moja, draiva ndo inazigusa, yeye anafungua faili anakuta 12640, sasa 12640 ya nini? Nianzie wapi?

nyaya_moto
Mkuu uko sahihi, rejista waachie wanaoandika draiva. Anza na vipimo. Faili la in1_input ni milivolti, kwahiyo hiyo yako ni volti 12.64. curr1_input ni miliampia. Halafu power1_input ni maikrowati na hapo ndo watu wanapotea, mtu anaona 8216000 anadhani bodi imeungua kumbe ni wati 8.2 tu. Na huo ni utaratibu wa hwmon nzima, sehemu ya Linux inayoshughulika na vipimo vya vifaa, sio wa chipu hii peke yake, akiuelewa vizuri hata mkibadilisha chipu kesho hatapata shida.

Mama Vipimo
Jamani kabla ya vipimo kuna rezista! Mwambie aangalie kwenye bodi ile rezista kubwa ya shanti, ambayo mkondo unapitia ndo upimwe, imeandikwa nini. Nyingi zinazouzwa zimeandikwa R100, hiyo ni omu 0.1. Draiva isipoambiwa kitu inachukulia ni omu 0.01, basi ampia zote zinatoka mara kumi, betri inakula miliampia 650 wewe unasoma 6500 na mvuvi unamwambia betri imejaa wakati haijafika popote, anaingia ziwani usiku taa inamzimikia. Volti zinakuwa sawa kabisa ndo maana mtu hashtuki. Dawa ni faili la shunt_resistor, linataka maikroomu, kwa R100 unaandika 100000. Ila ukiandika hapo mashine ikizimwa inasahau, kwahiyo iwekwe mapema kwenye devaisi trii, faili linaloiambia Linux vifaa vilivyopo kila inapowaka.

nyaya_moto
Dada umemaliza. Niongezee tu, INA226 inapima mwisho milivolti 81.92 juu ya shanti, kwahiyo na R100 mwisho wako ni ampia 0.82 hivi. Betri kubwa ikivuta ampia tano namba inaganda palepale na fundi ataamini. Hiyo iandike kwa herufi nene. Mkitaka kupima zaidi wekeni omu 0.01, mnafika ampia 8 na kidogo.

Sola_Kirumba
Daah hii ya kuganda sijaiona kwenye maelezo ya muuzaji yeyote. Asanteni sana. Na ampia ikija na alama ya kutoa?

nyaya_moto
Mkondo unaenda upande mwingine, betri inatoa badala ya kupokea, au waya za shanti zimegeuzwa. Kwenye power1_input hutaiona hiyo alama, wati zinakuja chanya tu, kwahiyo mwambie aangalie curr1_input kwanza.

kijana_wa_kerneli
Mpangilio usihangaike kubuni, fungua Documentation/hwmon/ina2xx.rst kwenye kodi ya Linux uige: chipu zipi, anwani, maelezo, kisha jedwali la mafaili. Anwani, yaani namba ambayo chipu inaitwa nayo, usiiruke maana draiva haiitafuti chipu yenyewe, lazima iambiwe. Pini za A0 na A1 zinatoa anwani 16, kuanzia 0x40 mpaka 0x4f, na meza yenye bodi mbili zenye anwani moja haitasoma kitu cha maana.

Mama Vipimo
Na upige picha ya bodi kwa karibu, R100 isomeke, uizungushie duara. Halafu uandike jibu la uname -r (amri inayoonyesha toleo la Linux) la mashine uliyoandikia, mafaili huwa yanaongezeka toleo kwa toleo.

Sola_Kirumba
Sawa dada, picha napiga leo jioni kabla hawajaja kuchukua betri. Ukurasa wa kwanza rezista na ule mwisho wa ampia, vipimo vinafuata, anwani baada ya hapo. Jedwali la rejista silibandiki.