Vioo vya picha za zamani kwenye sanduku la babu, Mpwapwa: nitajuaje vimetoka wapi?

Mjukuu wa Mpishi:
Mbukwenyi wakuu. Juzi tulibomoa nyumba ya babu mzaa mama pale Mpwapwa, darini tukakuta sanduku la bati lenye vioo kama 40. Ukikiinua kimoja juani unaona watu, ila kanzu ni nyeusi na sura zinang'aa kama mizimu. Maboksi mawili yameandikwa Agfa. Babu alikuwa mpishi wa wamisheni, lakini mjomba anashikilia kwamba ni mali ya Mjerumani. Yeye alishatia viwili kwenye dirisha la banda la kuku kabla sijamzuia. Nitajuaje ni za nani? Na uchafu wa mijusi niuondoe kwa sabuni gani?

Msagala:
Agfa ni kampuni ya picha ya Mjerumani, kesi imekwisha. Tafuta mzungu umuuzie.

Studio ya Zamani:
Mkuu, weka sabuni chini kwanza! Upande uliofifia ndio wenye picha, imeshikiliwa na jelatini. Ikilowa inavimba na kubanduka, hapo huna kitu tena. Futa upande unaong'aa tu, kwa kitambaa kikavu laini, ukishika kioo kwenye kingo. Kila kimoja kifunge karatasi yake na uvisimamishe kama vitabu, usivilaze.

Msagala, boksi si ushahidi. Watu walitumia maboksi matupu kuwekea chochote, mama yangu hadi leo ana bati la biskuti lenye sindano. Mjukuu, chukua rula upime vioo vyenyewe. Sentimita 9 kwa 12 au 13 kwa 18 ni vipimo vya Ulaya bara, Wajerumani walivipenda. Ukipata 8.3 kwa 10.8, au 12 kwa 16.5, hizo ni inchi za Mwingereza.

Mjukuu wa Mpishi:
Nimepima. 26 ni 9 kwa 12. Vingine ni mraba wa 8.3, vimebanwa vioo viwili viwili kwa utepe mweusi wa karatasi, na humo watu wanaonekana kawaida, kanzu nyeupe. Kimoja cha 9 kwa 12 kina mkwaruzo pembeni upande uliofifia, ukikigeuza unasomeka "Mpapua".

Studio ya Zamani:
Basi babu yako alitunza mafungu mawili. Hiyo miraba si negativu (vioo vyenye nyeusi na nyeupe kinyume, kama hivyo 26), ni picha za kurushwa ukutani kwa taa maalumu. Wamisheni walizipenda sana kwa mahubiri na kuchangisha fedha kwao. Huo mkwaruzo uliandikwa kinyume makusudi, ili kwenye karatasi usomeke sawa. Na Mpapua ndivyo Wajerumani walivyoandika Mpwapwa, kwa hiyo hapo mjomba ana hoja.

Kikuyu Stesheni:
Angalia pia kilichomo ndani ya picha. Ukiona treni au reli Dodoma, si kabla ya 1910, maana ndipo reli ilipofika. Sare za askari wa Mjerumani hazivuki 1916, mwaka alipoondolewa Dodoma. Kuhusu ile miraba, CMS (wamisheni Waanglikana wa Uingereza) walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na kumbukumbu zao ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Kuanzia 1927 Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilikuwa chini ya CMS wa Australia, kwa hiyo ulizia na huko. Weka kioo juu ya skrini nyeupe ya simu, piga picha kwa simu nyingine, geuza rangi kama ni negativu, uwatumie. Vioo vyenyewe visitoke mkononi mwako. Kabla ya kuuza hata kimoja, pita Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Studio ya Zamani:
Na vile vya kuku vitoe leo leo!

Mjukuu wa Mpishi:
Nimetoka bandani sasa hivi. Kimoja kizima, kina wanawake watatu na kinu. Cha pili mjomba alikikwangua kwa wembe ili mwanga uingie. Imebaki kona moja tu, ina mguu wa mtu na nusu ya mbwa.