Naomba ushauri: maji wazi katikati ya barafu nawafundishaje hawa vijana?

Wakuu habari za saizi. Mi ni mwalimu wa jografia, juzi nimewaonyesha fomu siksi picha ya setilaiti ya bahari ya Weddell kule Antaktika, winta kabisa, katikati ya barafu kuna bonge la eneo la maji matupu, 1974 hadi 1976 lilifika kama kilomita za mraba 250,000 yani kama robo ya Tanzania. Dogo mmoja akauliza, mwalimu baridi yote hiyo mbona hayagandi? Nikakwama kidogo.

Hiyo ya Weddell nikaja kuwaeleza, kuna mlima chini ya bahari unaitwa Maud Rise, maji ya uvuguvugu yanapanda kutoka chini yanayeyusha barafu, 2017 pakafunguka tena. Wakaelewa. Kasheshe ni ile ya pwani mfano Terra Nova Bay, ghuba nyingine huko huko Antaktika, upepo mkali unashuka toka nchi kavu, barafu ikishaota tu unaisukumia mbali, kwa hiyo maji yanaganda muda wote ila barafu haikai, na chumvi inayobaki majini barafu ikiganda inafanya maji yawe mazito yazame. Nikiwaambia pale palipo wazi ndo kiwanda cha barafu wanacheka tu.

Nimejaribu beseni, vipande vya barafu na feni ya stafu, vikajazana upande mmoja safi kabisa, ila kuganda hakuna na umeme nao ukakatika.

Nani ana njia rahisi ya kuonyesha ile chumvi ikizama? Maabara hatuna, friza naweza kuazima kwa mama muuza juisi. Kipindi ni Alhamisi.